Safari Ipangwe Kuanzia kwa Mwenye Karatasi Chache

Wasee, leo hakuna video. Naandika tu, kwa sababu haya mambo nikiyasema kwa sekunde tisini nikiwa nimesimama katikati ya majani chai na ukungu nyuma yangu, mtaishia kuniuliza jaketi nilinunua wapi.

Mmeniuliza swali moja tangu Julai: ile safari ya Ulaya iliendaje? Haikuenda. Viza nilipewa, ikakaa kwa pasipoti mpaka ikaisha. Na kila nikisema hivyo lazima mtu aniite fala. Sawa. Acha nieleze, halafu uendelee kuniita fala ukiwa na sababu.

Tulikuwa wanne, wote watoto wa Kangari, tuliokaa madawati ya shule moja ya msingi. Mwalimu wa shule ya kibinafsi. Fundi wa simu mwenye kibanda karibu na steji. Msusi, ambaye kama umewahi kuona dada wa hapa akiwa na rasta zimepangwa kama mistari ya chai, basi umeona kazi yake. Na mimi. Mpango ulizaliwa kwa kibanda cha fundi, saa tatu usiku, mvua imetufungia ndani, Google Maps iko wazi kwa simu ya mteja ambayo haikuwa hata yetu.

Tulichora duara: Amsterdam, Brussels, Paris, Zürich, Milan, Vienna, Prague, Berlin, halafu turudi Amsterdam. Nchi nane. Siku kumi. Niliweka hiyo ramani hapa na mistari myekundu, mkaipenda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Sasa hebu iangalie na macho ya mtu ambaye hajalewa. Lile duara lina kilomita kama 3,600. Hiyo ni sawa na kutoka Kangari kwenda Mombasa na kurudi mara tatu, na bado una chenji. Kwa siku kumi. Na kati yetu wanne, aliyekuwa ameendesha gari mbali zaidi alikuwa amefika Nakuru. Tena mchana.

Lakini si kilomita zilizotuumbua kwanza. Ni sheria moja ndogo. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote 29 za mkataba huo, lakini huombi popote unapotaka. Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Mwalimu alipotusomea hiyo sheria tulitazamana. Kwetu kila nchi ilikuwa na usiku mmoja. Moja ilikuwa na nusu usiku. Yaani mpango wetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba hakuna nchi iliyokuwa inatukaribisha, tulikuwa tunapita tu kama upepo wa Nyandarua.

Tukakata nchi nne. Tukaweka usiku nne kwa nchi moja, ambayo sitaitaja kwa sababu utaona huko mbele. Ramani ikawa na akili kidogo.

Gari nalo ni stori ya kivyake, nitaipitia haraka. Wao huendesha upande wa kulia. Kampuni nyingi za kukodisha huongeza pesa ukiwa chini ya miaka 25, na sisi sote tulikuwa chini. Kampuni nyingi pia hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ndiyo washikilie amana, na nani hapa kwetu ana kadi ya mkopo? Tuna M-Pesa na kadi ya benki inayopumua mwisho wa mwezi. Leseni unaongezea kibali cha kimataifa, ambacho hapa Kenya hutolewa na AA. Uswisi ukitumia barabara kuu unalipa stika ya faranga 40, hata kama unapita kwa masaa matatu. Austria pia wana stika yao. Miji ya Ujerumani mingi ina stika nyingine ya moshi, Paris ina yake. Na miji ya Italia ina mitaa ya katikati ambayo ukiingia bila ruhusa kamera inakupiga picha, faini inakufuata nyumbani. Sijui ingenifuata Kangari kwa anwani gani, lakini nasikia hufuata.

Hayo yote ni ya kutafuta na kulipa. Yanachosha, hayaumizi. Kinachoumiza ni karatasi.

Ukiomba viza, kuna ile sehemu ya kuthibitisha kwamba utarudi nyumbani. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 unaweza kununua. Taarifa ya benki unayo, iwe nzuri au mbaya. Lakini kurudi unathibitisha vipi? Wanataka waone kinachokuvuta nyuma: kazi, barua ya mwajiri, hati za malipo ya mshahara, shamba, familia.

Mwalimu alikuwa na barua ya shule na hati za malipo za miezi sita. Mimi nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja wa kutengenezea kampuni fulani ya Thika video zao, na barua yenye muhuri. Bahati tu. Mwaka uliotangulia nisingekuwa nayo.

Fundi ana nini? Ana kibanda, leseni ya biashara ya kaunti, na wateja wanaomlipa mia mbili mia mbili kwa simu. Kwa taarifa ya M-Pesa anaonekana kama mtu anayeombaomba mtaani. Lakini huyo ndiye analisha nyumba ya watu watano.

Na msusi. Msusi ana kiti kimoja ndani ya saluni ya mtu mwingine. Kwao kuna miche ya chai ambayo amechuma tangu akiwa darasa la nne, alfajiri, kabla ya shule, na magunia juu ya mabega kuzuia umande. Hakuna kitu duniani kinachomvuta Kangari kuliko hayo majani. Lakini shamba liko kwa jina la guka, na guka alishafariki, na kesi ya urithi iko mahali zinapokaa kesi za urithi. Namba ya mkulima ni ya mamake. Bonasi ya chai ikija mwezi wa kumi, inaingia kwa akaunti ya mamake. Kwa karatasi, msusi hana hata jani moja.

Na ada yake ya viza ilitoka huko huko. Yuro 90, ndivyo ilivyo tangu Juni 2024, na ukigeuza ni zaidi ya elfu kumi na tatu za kwetu, kabla ya ada ya kituo kinachopokea maombi, kabla ya nauli ya Nairobi mara mbili, kabla ya bima. Mamake alimpa kutoka kwa bonasi. Alimwambia, nenda uone, mimi sijawahi kupita Mombasa.

Majibu yalikuja. Mwalimu, amepewa. Mimi, nimepewa. Fundi na msusi, wamenyimwa. Barua ya kunyimwa ni fomu moja inayotumika nchi zote za Schengen, ina sababu zimeorodheshwa na visanduku, mtu anaweka alama. Wote wawili waliwekewa alama kwa ile inayosema kuna shaka kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Ada hairudishwi. Msusi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwa mkoba na kuendelea na kichwa cha mteja kilichokuwa mbele yake. Nilikuwepo. Alimaliza kile kichwa. Ndiyo maana nasema inaumiza. Angelia ningejua cha kusema.

Hapo ndipo kundi letu lilipasuka. Mwalimu alisema twende sisi wawili, wao wenyewe wamesema twende. Na kweli walikuwa wamesema. Lakini wewe unajua vile mtu wa kwetu husema "nendeni tu". Nilikaa na hiyo viza wiki mbili. Usiku nilikuwa naifungua na kuitazama, picha yangu imekaa kama ya mshukiwa wa wizi wa ng'ombe. Mwishowe nikasema siendi. Mwalimu akaenda peke yake, bila gari, kwa treni na mabasi, akarudi na picha tamu na mafua. Hatukukosana. Karibu tukosane, lakini hatukukosana. Kila mtu alikuwa na haki yake na mimi simlaumu hata kidogo.

Kwa hivyo kwa kutokwenda nilimsaidia nani? Hakuna. Msusi hakupata viza kwa sababu mimi niliacha yangu iishe. Hilo najua, msinielezee. Sijifanyi shujaa hapa. Ninachosema ni kwamba kosa lilifanyika mapema sana, ile usiku ya mvua kwa kibanda. Tulianza kupanga kutoka kwa ndoto kubwa zaidi, yaani yangu, mimi ndiye nilitaka Milan. Karatasi tukaziacha mwisho, kama mtu anayejenga nyumba kuanzia mabati.

Na hapa nina neno kuhusu zile video tunazotazama zote. Mzungu mmoja anaamka Manchester, anarusha begi kwa gari, "siku kumi, nchi nane, twende kazi!" Video yake inaanzia kwa gari kwa sababu maisha yake yanaanzia hapo. Pasipoti yake ishamaliza mambo mengine yote kabla hajazaliwa. Sisi tunachukua mpango wake mzima, miji, hoteli, hadi wimbo wa nyuma, halafu tunashangaa umetukatikia mkononi. Mpango wetu unaanza hatua kumi nyuma ya wake. Tukikataa kuzihesabu hizo hatua, kuna mtu kwa kundi letu atakuja kuzilipia, na huwa ni yule mwenye pesa kidogo zaidi.

Kitu kingine kinanichekesha. Schengen ni kijiji. Kijiji kabisa, kule Luxembourg, kando ya mto Moselle, watu wanalima zabibu. Mkataba ulitiwa sahihi hapo Juni 1985, ndani ya meli iliyokuwa mtoni, mahali Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Kijiji cha wakulima wa zabibu, kidogo kuliko Kangari siku ya soko, ndicho jina lake linamnyima binti wa mkulima wa chai usingizi. Hawakufanya hivyo kwa nia mbaya, walikuwa wanafungua mipaka yao wenyewe kwa wenyewe. Na hilo ndilo nataka tuangalie, kwa sababu sisi pia tuna mipaka tuliyofunguliana na hatuitumii.

Tangu Januari 2014, Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Kile kile cha kununulia laini ya simu. Hauhitaji mwaliko, hauhitaji hati ya malipo, na hakuna wa kukuuliza kama una nia ya kurudi. Nikisema hivi kuna mtu ataruka, "aah, sasa Kigali ndiyo Paris ya maskini?" Huyo ananikasirisha kuliko hata ubalozi. Nani alikwambia Kigali ni zawadi ya kujifariji? Kutoka Nairobi mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 600, Kampala mpaka Kigali ni kama 500 nyingine. Unavuka Nile pale Jinja, unavuka mstari wa ikweta, unapanda milima ya Kabale inayofanya Kangari ionekane tambarare. Ukifika mpaka wa Katuna unahamia upande wa kulia wa barabara, kwa sababu Rwanda huendesha kulia, na saa yako unairudisha nyuma saa moja. Ulaya ingekufunza nini cha kuendesha gari ambacho hiyo barabara haitakufunza?

Basi safari hii tumepanga kinyume. Nafasi ya mwalimu ilichukuliwa na binamu yangu wa tuktuk, na yeye hana pasipoti. Ana kitambulisho tu. Siku ya kwanza kabisa, kabla mtu hajataja hoteli, tuliweka karatasi zote mezani. Kitambulisho cha nani kimefutika namba? Leseni ya nani imeisha? Nani ana deni ambalo Desemba litamkamata? Nani hawezi kukaa kwa gari masaa nane bila kutapika? (Fundi. Tumegundua ni fundi, na ni aibu kubwa kwake.) Haya ni maswali ya kuudhi, na ndiyo maana watu huyaweka mwisho.

Mimi na msusi tulikuwa tunataka duara: turudi kupitia Rusumo, tuingie Tanzania, Kahama, Singida, Babati, Arusha, tutokee Namanga. Nimeota hiyo barabara hadi nikaijua bila ramani. Lakini kuingia Tanzania kitambulisho pekee hakitoshi, ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na binamu angebaki Rusumo akitupungia mkono. Kuna aliyesema, si apande basi la Kigali kurudi Kampala tukutane nyumbani. Aliyesema hivyo ni mimi. Ndiyo, mimi huyu ninayewahubiria hapa. Msusi hakusema kitu, aliniangalia tu, nikameza maneno yangu.

Tanzania imetolewa. Tunakwenda Kigali na kurudi njia ile ile, na binamu anatafuta pasipoti ya mwaka ujao. Ameshaenda Embu mara moja, akarudishwa kwa sababu jina kwa cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya jina kwa kitambulisho. Herufi moja. Angeijua hiyo herufi akiwa ameshalipia hoteli Arusha, ungemsikia akilia hadi huko uliko.

Gari ni Probox ya mjomba, ile ya kubeba viazi. Hiyo nayo ina karatasi zake: kopi ya logibuku, na barua ya mjomba kwamba ameturuhusu kuvuka nayo, kwa sababu gari haliko kwa jina la yeyote kati yetu. Kama la kwenu lina mkopo wa benki, jueni benki nayo itataka kuandika barua, anzeni mapema. Bima ya kawaida huishia mpakani, kwa hivyo unanunua kadi ya njano ya COMESA. Usiichanganye na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo pia tunabeba. Fundi alizichanganya, akaenda zahanati kuuliza bima ya gari. Nesi alicheka mpaka akaketi.

Tarehe tumebadilisha mara mbili. Mwanzo tulikuwa tufike Kigali Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mpaka tukakumbuka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda kuna umuganda: asubuhi nchi nzima inatoka kufanya usafi na kazi za jamii, maduka yamefungwa na magari hayatembei ovyo. Tungeingia na Probox ya viazi katikati ya watu wenye majembe. Pia tumeacha mifuko yote ya plastiki nyumbani, ile ya kubebea vitu, maana Rwanda waliikataza tangu 2008, miaka tisa kabla yetu.

Pesa tumepanga kwa kiwango cha msusi, si changu. Usiku wa Kampala ni gesti, si hoteli yenye dimbwi. Kama mimi nataka dimbwi, nitaenda siku nyingine na pesa zangu. Dereva ni mimi na binamu, masaa manne manne, na hakuna kuendesha usiku. Sitaki ubishi juu ya hilo.

Najua kuna mtu ataniambia habari ya Pelumi Nubi, yule dada aliyeendesha Peugeot ndogo kutoka London hadi Lagos mwaka 2024. Nampenda, nilifuata ile safari yote. Lakini alikuwa peke yake. Karatasi zilizohitajika zilikuwa zake tu, na zikikwama angekwama mwenyewe. Ukisafiri peke yako, ota utakavyo. Mimi naongea na nyinyi wa makundi ya watu wanne watano, nyinyi mlio na kikundi cha WhatsApp chenye jina la ndege na picha ya mnara wa Paris, mnachanga elfu moja kila wiki. Katika hicho kikundi kuna mtu amenyamaza. Hatumi picha za hoteli. Anachanga kwa wakati, lakini hasemi kitu. Mpigieni huyo simu leo.

Tunaondoka alfajiri ya tarehe 5 Desemba, tukipitia Busia. Mamake msusi ametufungia ngwaci na chai ya pakiti kubwa, eti ya Waganda wajue chai ni nini. Na jana jioni mwalimu alipita kwa kibanda, akasimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, akauliza kama kwa Probox kuna nafasi ya tano, shule zikiwa zimefungwa.

Nafasi iko. Msusi amemwambia alete kitambulisho kwanza tukione.